Singapore inalipa watu wakae karibu na wazazi, sisi Dar tunawatawanya

Ukienda kununua fleti Singapore, moja ya vitu serikali inataka kujua ni wazazi wako wanakaa wapi, na jibu lako linabadilisha hela utakayotoa mfukoni. Ukinunua fleti ya mkono wa pili ukahamia na wazazi humo humo ndani unapewa ruzuku ya dola za kwao 30,000, ukichukua fleti nyingine lakini isizidi kilometa 4 kutoka kwa mzee na bimkubwa unapewa 20,000, na asiye na ndoa naye amewekewa fungu lake, nusu ya hilo. Hata mzazi akiwa ndo anayemfata mtoto hela inatoka vile vile. Kwa shilingi zetu hiyo 30,000 inacheza kwenye milioni hamsini na kitu kukaribia sitini, kwa mtu wa Mbagala hiyo ni nyumba kabisa na bati juu. Mpango ulianza 2015, wakati huo sharti lilikuwa kilometa 2 au mji mmoja, 2018 wakapanua mpaka kilometa 4 na kuongeza dau kwa wanaokubali kukaa nyumba moja.

Nimeifatilia hii habari muda sasa kwa sababu naona inatugusa kuliko tunavyodhani. Huku tunajisifu kwamba sisi ndo wenyewe wa familia kubwa, babu, bibi, mashangazi, wajomba, wenzetu ndo wametupa wazee wao, lakini ukiangalia jinsi Dar inavyotanuka unaona kabisa tunaivunja hiyo familia kwa viwanja, kwa barabara, kwa hati na kwa mirathi, na hakuna aliyekaa bungeni akapitisha sheria ya kuivunja, inavunjika tu kwa sababu hakuna sheria inayoishika. Mapenzi ya familia hayatoshi kuwaweka watu karibu. Ukaribu unategemea ardhi, na ardhi isipopangwa kwa ajili ya ukoo inapangwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja mwenye hela zake.

Lakini Singapore wenyewe hawakuanzia hapo walipo leo, na hili watu wengi wanaoisifia hawalisemi. Mwaka 1960 ile nchi ilikuwa na watu kama milioni 1.6 kwenye kisiwa cha kilometa za mraba mia tano themanini na kitu, wengi wao wanakaa kwenye vijiji vya mbao na makuti au wamebanana kwenye vyumba vya juu ya maduka, koo nzima nzima, babu huku, mjomba kule, watoto wanalala kwa zamu. Mwaka huo huo wakaanzisha shirika la nyumba, wao wanaliita HDB. Mwaka 1961 ukatokea moto mkubwa sehemu inaitwa Bukit Ho Swee, watu kama 16,000 wakabaki bila pa kulala, na shirika likatumia ile dharura kujenga fleti haraka haraka. Mwaka 1966 ikaja sheria ya kutwaa ardhi, kali kwelikweli, serikali inachukua eneo kwa matumizi ya umma na mwenye eneo hana ubavu wa kukataa, na kwa muda mrefu hata fidia ilikuwa imefungwa kwenye bei ya mwaka 1973 wakati thamani ya soko inapanda kila siku, ni mpaka 2007 ndo wakaanza kulipa bei kamili ya soko. Serikali ilitoka kumiliki chini ya nusu ya ardhi yote ya nchi mwaka 1960 mpaka robo tatu na kitu katikati ya miaka ya 80. Mtu asije akasema tuige Singapore bila kuitaja hiyo sehemu, maana kuna familia zililipwa hela kidogo sana kwa mashamba ya babu zao.

Na matokeo ya kwanza ya zile fleti yalikuwa kuvunja familia kubwa. Fleti za mwanzo zilikuwa chumba kimoja, viwili, vitatu, zimechorwa kwa ajili ya baba, mama na watoto. Ukoo uliokuwa kijiji kimoja unahamishwa, huyu anapangiwa Toa Payoh, yule Queenstown, mwingine kwingine. Mwaka 1980 kaya ya wastani ilikuwa na watu karibu 5, leo ni watatu na kitu. Serikali ikaanza kuliona tatizo mwishoni mwa miaka ya 70, wazee wanabaki peke yao, vijana wenye watoto wadogo hawana wa kumwachia mtoto, ndo wakaanza kuruhusu wazazi na mtoto aliyeoa kuomba fleti kwa pamoja wapangiwe jirani. Kwa hiyo hizi sera zote za familia kubwa ninazozisimulia ni matengenezo ya kitu ambacho serikali hiyo hiyo ilikuwa imekivunja kwa mikono yake. Mimi hilo linanipa moyo kidogo, maana kumbe inawezekana kukaa chini ukasema hapa tulikosea, turekebishe.

Sasa angalia walivyojaribu. Mwaka 1987 walijenga fleti mia tatu na kitu huko Bishan, Tampines na Yishun, fleti kubwa ambayo pembeni ina kijichumba chenye mlango wake wa kutokea nje, jiko lake dogo na bafu lake, kwamba wazazi wakae hapo na vijana wakae upande mkubwa, mko pamoja lakini kila mtu ana mlango. Wazo zuri sana, ila wakati huo wateja hawakuwa wengi wakauacha mradi. Wakarudi tena 2013 na fleti nyingine, vyumba vinne vya kulala na vyoo vitatu kwenye mita za mraba kama 115, na hii ukitaka kuiuza baadaye lazima umuuzie familia nyingine yenye vizazi vingi, huwezi kumuuzia yeyote tu. Hapo ndo naona akili, kwa sababu bila hilo sharti watu wangechukua fleti kubwa kwa bei ya upendeleo, miaka ikipita wakaiuza kwa tajiri, mchezo ukaisha.

Hata hivyo hizo fleti kubwa bado ni chache ukilinganisha na za kawaida, na nadhani sababu ni ile ile ambayo kila mtu aliyewahi kukaa na wakwe anaijua. Jiko moja wanawake wawili ni vita ya kimya kimya, televisheni moja baba na mkwe ni kesi nyingine, mtoto akigombezwa na bibi mama yake ananuna siku tatu. Ndo maana mimi naona ile ruzuku ya kilometa 4 ndo sehemu nzito kuliko zote kwenye sera yao, kuliko hata hiyo fleti ya vizazi vitatu. Inakubali kwamba watu wanapendana na hapo hapo wanachoshana. Haikulazimishi mlale chumba kimoja, inakulipa uwe karibu kiasi kwamba bimkubwa akiugua usiku unafika, mtoto akitoka shule anashukia kwa bibi, chungu kinavuka barabara kikiwa bado cha moto. Na kwa fleti mpya, ambazo zinagawiwa kwa bahati nasibu kwa sababu waombaji ni wengi, anayeomba karibu na wazazi anapewa nafasi ya mbele kwenye droo. Zamani upendeleo huo ulikuwa wa waliooa na kuolewa, kuanzia 2025 wameuunganisha kwenye mpango mmoja na wasio na ndoa wamo.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye ruzuku ila ndo kinaifanya ifanye kazi ni kwamba mji wenyewe umebanwa usitawanyike. Toka 1971 wana ramani ya nchi nzima inayosema miji midogo ikae wapi, treni ipite wapi, msitu na maji vibaki wapi, treni zenyewe zikaanza 1987, na toka 1990 kumiliki gari lazima kwanza ushinde mnada wa kibali, kibali ambacho saa ingine kina bei kuliko gari lenyewe. Watu karibu 8 katika kila 10 wanakaa kwenye fleti za shirika na wengi sana wamezinunua kwa mkataba wa miaka 99, wanakatwa kidogo kidogo kwenye akiba yao ya kazini. Kwa hiyo kilometa 4 ya Singapore ni lifti, basi moja, lifti, umefika. Kilometa 4 ya huku kwetu, kwa mfano uko Goba ndani ndani unaenda kwa mama yako Madale na mvua imenyesha, hiyo ni safari ya nusu siku na bodaboda anakukatalia njiani.

Tuje nyumbani. Sensa ya 2022 imeikuta Dar ina watu milioni 5.38, na huo ni mkoa tu, ukiongeza waliomwagikia Kibaha, Mapinga, Kisarawe, Mkuranga, watu ambao kila asubuhi wanaingia mjini na jioni wanatoka, ni wengi zaidi. Mji umefata barabara zake kuu, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere, Kilwa, halafu ukaruka maji kwenda Kigamboni. Mwaka 2002 serikali ikaja na mradi wa viwanja 20,000, Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni, na nia ilikuwa nzuri, watu wapate maeneo yaliyopimwa wasiendelee kujibanza kwenye makazi holela. Lakini hivyo vilikuwa viwanja vikubwa vya nyumba moja moja, mbali na mji, na wengi walioweza kuvilipia ni wenye vipato vyao. Baadaye kampuni binafsi zikaingia na mtindo huo huo, tangazo lina picha ya nyumba ya kisasa imezungukwa na ukuta, lipa kidogo kidogo, kiwanja kiko dakika kadhaa kutoka barabara ya lami, na hizo dakika zinahesabiwa na mtu mwenye Prado.

Na kabla ya haya yote tulikuwa na kitu chetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala, Magomeni, Temeke, ile yenye korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, halafu nyuma uani, na uani kuna jiko, choo, bafu, banda la vyumba vingine. Mbele baraza. Nyumba moja ina bibi chumba cha mbele, mtoto wa kiume na mkewe chumba cha pili, binti aliyeachika na wanawe chumba cha tatu, upande wa pili wapangaji ambao kodi yao ndo inalipa umeme na dawa za bibi. Wageni wa mikoani wanalala korido. Sitaki kuipamba, choo kimoja watu ishirini sio kitu cha kukumbuka kwa raha na wanawake walibeba mzigo wote wa maji na usafi, ila kama mpango wa kukaa watu wengi sehemu ndogo huku wanaoneana, ile nyumba ilifanya kazi ambayo Singapore leo inailipia mamilioni. Mji ulikuwa umebanana bila ghorofa.

Inavyovunjika ndo nataka tuiangalie kwa makini, kwa sababu haivunjiki kwa watu kuacha kupendana. Mwenye nyumba anafariki. Hati, au leseni ya makazi, ile karatasi ya muda ya maeneo yasiyopimwa, ina jina lake peke yake. Watoto wako saba, wengine wa mama mwingine, hakuna anayeweza kumnunua mwenzake, na nyumba ya korido huwezi kuikata vipande saba. Anatokea mnunuzi anataka kushusha ghorofa la maduka au nyumba ya wageni, anaweka hela mezani. Kikao cha ukoo kinakaa jioni moja, nyumba inauzwa, hela inagawanywa, na kila mmoja fungu lake linamtosha kiwanja Chanika au Vikindu au Mapinga, hakuna hata mmoja ambaye fungu lake linamtosha kubaki mtaa aliozaliwa. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo na nyumba ya babu yetu Temeke. Ndugu ambao walikuwa wanagombania sukari kwenye kopo moja leo wanakutana msibani, na bibi aliyebaki anazungushwa, miezi kadhaa kwa huyu, miezi kadhaa kwa yule, kila akizoea mtaa anahamishwa. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yao. Njia ya kugawana waliyoiona mbele yao ilikuwa moja tu, ambayo ni kuuza.

Wanaolipa gharama ya huo mtawanyiko kwanza ni mabinti. Mama yuko Sinza anaumwa sukari, binti yuko Chamazi, watoto wa kiume wanatuma hela kwenye simu na wanahesabika wamehudumia, binti ndo anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, anaomba ruhusa kazini mpaka bosi anachoka, au anaacha kazi kabisa. Ukizungumzia sera ya familia kubwa bila kumtaja huyu unakuwa unazungumzia kitu kingine. Singapore wenyewe hapa hawajamaliza, ruzuku inawaweka watu karibu ila haisemi nani anayemwogesha mzee, na kule nako ukienda ndani unakuta kazi imeangukia kwa binti, kwa mkwe au kwa mfanyakazi wa ndani kutoka nchi jirani.

Kuna mengine ya kwao ambayo mimi siyataki. Fleti zao zimefungwa kwenye ndoa. Kama huna ndoa unasubiri mpaka miaka 35 ndo uruhusiwe kununua peke yako, na mama aliyezaa bila ndoa akiwa chini ya umri huo kwa kanuni ya kawaida hahesabiwi kama familia, kesi yake inaangaliwa kivyake. Huku kwetu ambako nyumba ngapi zinaendeshwa na mama peke yake ukiweka hilo sharti umewatupa nje wale wale wanaohitaji zaidi bibi akae jirani. Na kama kuna mtu anafikiri sera hizi zitaleta watoto wengi, mwaka 2023 Singapore ilishuka mpaka wastani wa mtoto 0.97 kwa mwanamke, kwa hiyo ruzuku ya kukaa na wazazi isiuzwe kwa ahadi hiyo.

Ila kuna sheria yao nyingine ambayo inafaa kusomwa pamoja na ya nyumba, ile ya matunzo ya wazazi ya mwaka 1995. Mzazi wa miaka 60 na zaidi ambaye hawezi kujimudu anaweza kumdai mtoto wake matunzo kwenye baraza maalumu. Ukisikia mara ya kwanza inashtua, mzazi kumshtaki mwanae, lakini wameirekebisha kadri walivyojifunza, siku hizi lazima kwanza wapatanishwe kabla ya kesi kusikilizwa, na mwaka 2023 wakaongeza kwamba mzazi ambaye ana rekodi ya kumtelekeza au kumtesa mtoto wake hawezi kufungua madai hivi hivi tu mpaka apewe ruhusa. Hilo la mwisho mimi nalipenda sana. Sheria ya familia inayodhani kila mzazi ni mwema itawarudisha watu kwenye nyumba walizozikimbia kwa sababu za msingi, na sisi tunawajua hao watu, tunakaa nao mtaani.

Najua nitaambiwa Tanzania sio kisiwa, ardhi ipo tele, kwa nini tubanane. Ardhi ipo lakini bomba halipo, kila kiwanja kinachosogea kilometa moja mbele kinadai bomba kilometa moja zaidi, nguzo zaidi, barabara zaidi, zahanati zaidi, na ndo maana kuna mitaa ina nyumba nzuri za vigae na bado inanunua maji ya boza. Kwenda upande wa Pugu na Kazimzumbwi unagonga msitu wa hifadhi, kwenda upande wa Ruvu unagonga bonde ambalo ndo linatunywesha sehemu kubwa ya mji. Nitaambiwa pia Singapore ni matajiri. Kweli leo ni matajiri, 1960 hawakuwa, na mimi wala sidai serikali itoe milioni 50 kwa kila anayehamia kwa mama yake. Kuna vitu visivyohitaji hela ya hazina au vinahitaji kidogo, kama nafasi ya mbele kwenye foleni, kibali kutoka haraka, ada ya kuhamisha umiliki kufutwa kwa ndugu, kodi ya jengo kupunguzwa kwa nyumba ambayo mzee wa miaka 60 anaishi na mtoto au mjukuu wake.

Mfano uko wazi pale Magomeni Kota. Machi 2022 zilizinduliwa fleti za kaya 644 kwa ajili ya wakazi wa zamani wa zile kota zilizobomolewa, watu wakarudi mtaani kwao badala ya kusukumwa pembeni, na mimi nasema wazi hilo ni moja ya mambo mazuri yaliyofanyika kwenye makazi ya mji huu. Sasa watoto wa hizo kaya ni watu wazima, wataoa, wataolewa, watatafuta pa kukaa. Awamu yoyote ya fleti nyingine itakayojengwa jirani na pale, iwe ya TBA, wakala wa majengo wa serikali, au ya NHC, shirika la nyumba la taifa, iwape hao nafasi ya kwanza kwa sharti la kuwa karibu na wazazi, na ikiuzwa baadaye iuzwe kwa mwenye sharti kama hilo, kama walivyofanya wenzetu na zile fleti za 2013. Tena zichorwe kwa akili ya watu wa hapa. Singapore kwenye fleti nyingi ghorofa ya chini wameiacha wazi, hakuna vyumba, na hapo chini Wamalay wanafanyia harusi, Wachina wanaweka misiba yao siku kadhaa, wazee wanacheza drafti. Fleti zetu nyingi zinachorwa utadhani hakuna atakayekufa humo ndani wala kuozesha binti, turubai linafungwa kwenye parking na watu wanapika barabarani.

Kwa nyumba za kawaida za mitaani, ambazo ndo nyingi, dawa naiona kwenye sheria tuliyonayo tayari, ile ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo inaruhusu jengo moja kugawanywa kila sehemu ikawa na hati yake. Tumeizoea kuisikia kwenye fleti za kuuza, watu wa Masaki na Upanga. Hakuna kinachozuia kuipeleka Manzese na Temeke kwa familia. Nyumba ya korido inashuka, inapanda ghorofa tatu nne, bimkubwa chini karibu na choo na mlango, kila mtoto sakafu yake, luku yake, mita yake ya maji, ghorofa moja inapangishwa kulipa mkopo. Siku mmoja akitaka kuondoka anauza sehemu yake peke yake, na ndugu wanapewa miezi ya kuinunua kabla ya mtu wa nje. Nyumba nzima haiuzwi kwa sababu ya mmoja mwenye shida ya haraka.

Haitakuwa rahisi. Viwanja vingi havijapimwa, benki haikopeshi kwa leseni ya makazi kama inavyokopesha kwa hati, maji taka ya ghorofa nne hayawezi kuingia kwenye shimo la uani, na baada ya lile jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 likaua watu hakuna mwenye haki ya kusema tupandishe ghorofa kiholela. Kiwanja kimoja pia ni kidogo, ingefaa nyumba mbili tatu zilizogusana ziungane zijenge jengo moja lenye mhandisi wa kweli na uani mmoja mkubwa. Ndo maana naitaka iwe sera ya serikali na manispaa yenye michoro iliyopitishwa tayari ambayo familia inachukua bure, kila familia ikiachwa ipambane kivyake atakayefaidi ni yule yule mnunuzi mwenye hela mezani. Na ukaribu tuupime kwa muda wa safari badala ya kilometa, dakika thelathini kwa usafiri wa umma, maana kuna watu wako kilometa 10 kwenye njia ya mwendokasi wanafika haraka kuliko wa kilometa 3 za vumbi.

Jambo moja ningelisimamia hata kama mengine yote yatapunguzwa wakati wa majadiliano, nalo ni jina. Punguzo, nafasi ya foleni na sakafu ya kwanza kugawiwa baada ya ile ya mzazi viende kwa yule anayemhudumia mzee kweli, athibitishwe na mtaa na mzee mwenyewe, na kama ni binti basi jina lake liingie kwenye hati kabla msingi haujachimbwa, mzee akiwa hai na anaongea, kwa sababu kikao cha baada ya arobaini hakijawahi kumkumbuka.